Usiangushe Mfalme, Farasi Bado Yuko Ubaoni

Juma lililopita tulikuwa tukizungumza juu ya ngome, na nikakuahidi kwamba leo tungeendelea na somo lilo hilo. Naomba uniwie radhi. Nimelazimika kulisukuma kando kwa sababu ya farasi mmoja aliyetengenezwa kwa gunzi la mahindi.

Nitaeleza. Desemba iliyopita nilikwenda likizo nyumbani kwetu Naitiri. Kwa wale wasiopajua, Naitiri iko katika kaunti ya Bungoma, upande wa Tongaren, katika nchi ile ya mashamba ya walowezi yaliyokatwakatwa kuwa skimu za makazi wakati wa uhuru. Ukitoka Nairobi unateremka Misikhu, unaiacha barabara kuu iendayo Kitale, kisha unapanda bodaboda na mizigo yako magotini. Mwezi huo watu hawana mazungumzo mengine ila mahindi: yamekauka au bado, gunia linakwenda kwa bei gani, na mashine ya kupukuchua itafika kwa nani kwanza. Kwetu magunia yalikuwa yamepangwa sebuleni hadi dirishani, na katika nafasi ndogo iliyosalia ndipo nilipowakuta baba yangu mzee na binti wa kaka yangu wameinamia ubao wa sataranji.

Ubao wenyewe ni kipande cha katoni kilichochorwa kwa kalamu ya wino. Kete ni za plastiki, za seti iliyonunuliwa zamani, na farasi mmoja mweusi alipotea miaka mingi iliyopita. Badala yake kuna gunzi lililokatwa kwa kisu na kupakwa masizi. Mzee ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Hajawahi kununua kete nyingine, na nadhani hana nia.

Binti yuko kidato cha tatu. Shuleni kwao kuna timu ya sataranji ya wachezaji wanne, na nafasi ya nne ilikuwa ikigombaniwa na yeye na msichana mwenzake. Mwalimu wao aliamua wacheze michezo miwili. Wa kwanza aliushinda kabla ya shule kufungwa, na wa pili uliwekwa Jumatatu ya kufungua muhula. Kwa hiyo alihitaji sare tu. Lakini kaka yangu, baba yake, alikuwa ametoa neno lake: akiikosa nafasi hiyo, mchezo huo umekwisha, ashike vitabu, kwa maana mtihani wa kidato cha nne haumngoji mtu. "Hakuna mtu aliyewahi kulipa karo kwa farasi," alisema, na mkewe akacheka hadi akaweka sufuria chini.

Jioni hiyo niliyowakuta, binti alikuwa amebakiwa na mfalme na lile gunzi. Mzee alikuwa na mfalme na askari mmoja. Nilipoketi tu nikamwona binti akinyoosha kidole na kumlaza mfalme wake ubavu, ishara ambayo kila mchezaji anaijua: nimeshindwa.

Mzee akamsimamisha mfalme yule tena. "Nani amekuambia umeshindwa?"

"Kuka, huyu anaingia," akajibu. Wabukusu babu humwita Kuka.

"Ataingia kwa mlango gani?"

Hapa, msomaji, chukua ubao wako, kwani ndipo somo letu linapoanza. Kama huna ubao, chora miraba 64 kwenye karatasi na utumie punje za mahindi na maharagwe. Kumbuka jinsi tunavyoitaja miraba: safu za wima ni a hadi h kutoka kushoto, na mistari ya kulala ni 1 hadi 8 kutoka chini kwa mweupe. Mzee alicheza na kete nyeupe. Mfalme wake alikuwa b6 na askari wake a6. Farasi mweusi wa binti alikuwa a7, mbele kabisa ya askari, na mfalme mweusi alikuwa mbali, g3, hana msaada wowote. Zamu ni ya binti.

Askari kama huyu wa Mzee ndiye tunayemwita askari aliyepenya. Maana yake ni kwamba mbele yake, katika safu yake na katika safu mbili za jirani, hakuna askari wa adui awezaye kumzuia au kumla. Amewapita walinzi wote wa mpaka na sasa anatembea kwenda mstari wa mwisho ageuke malkia. Mchezo ukifika mwishoni, kete zimekwisha, askari kama huyo huwa na uzito kuliko alivyokuwa mwanzo. Mara nyingi ndiye anayeamua nani alale na furaha.

Binti aliona kwamba farasi wake anatishwa na mfalme. Akibaki ataliwa, akitoka askari atapita. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyofikiri, na kwa haraka hiyo tunatupa michezo ambayo haijapotea. Mzee akamwambia acheze tu, hata kama ni kwa kumridhisha babu.

Farasi akaruka c8, akamtisha mfalme. Vijana huita jambo hilo cheki. Mfalme akaenda b7, akamtisha farasi. Farasi akaruka d6, cheki tena. Mfalme c7. Farasi b5, cheki. Mfalme akarudi b6, na farasi yuko mashakani kwa mara nyingine. Kufikia hapo binti alikuwa ameanza kutabasamu, lakini akafanya kosa: akampeleka farasi d4, pahali palipoonekana salama. Mzee akamsukuma askari hadi a7. Sasa farasi akitaka kumtisha askari itambidi aende c6, na hapo mfalme anamla, au aende b5, na askari anageuka malkia kabla hajafanya lolote. Kwisha.

"Turudishe," Mzee akasema, akarudisha farasi b5 na askari a6. "Pale ulipokuwa kuna hatua moja tu. Itafute."

Nitakupa nafasi nawe uitafute kabla hujasoma mbele. Binti ilimchukua muda wa kuchemka chai. Hatimaye alimrudisha farasi d6.

Lakini pale d6 farasi hamtishi askari wala haulindi mraba wa a7! Mzee akamsukuma askari hadi a7, na papo hapo binti akaona. Farasi c8, cheki kwa mfalme aliye b6, na kutoka c8 farasi huyo huyo anamtisha askari wa a7. Mfalme hana budi kuondoka. Akienda mbali, askari analiwa bure. Akienda b7 kumlinda, farasi anamla askari vivyo hivyo, mfalme anamla farasi, na ubaoni wamebaki wafalme wawili wakitazamana. Hiyo ni sare. Askari asipokwenda a7, farasi anaendelea na mzunguko wake: c8, d6, b5, na a7 inapobidi, kama mtoto anayezunguka nyuma ya magunia huku babu yake akimkimbiza na fimbo. Mzee alijaribu kila njia. Alikwenda c6, akaenda c7, akarudi. Farasi wa gunzi hakukamatika, na mfalme mweusi kule g3 hakusogea hata mara moja.

Kwa hiyo lishike hili, msomaji: farasi peke yake, bila mfalme wake, aweza kumzuia askari wa pembeni aliyefika mstari wa 6, mradi awe ameshaingia katika mzunguko huo. Lakini askari huyo wa pembeni akishafika mstari wa 7 mambo hugeuka. Weka askari mweupe a7, farasi mweusi a8, mfalme mweupe b6. Mfalme anakwenda b7 na farasi hana pa kutokea, kwani miraba yake miwili tu, b6 na c7, yote inalindwa na mfalme. Analiwa, na askari anapita. Hatua moja ya askari, kutoka mstari wa 6 hadi wa 7, ndiyo tofauti kati ya kuokoka na kufa. Unapomwona askari wa safu ya a au ya h akikimbia, hesabu mapema: farasi wangu atamkuta mstari wa ngapi?

Askari wa safu nyingine ni afadhali. Hata akiwa mstari wa 7, farasi akiwahi kuulinda mraba wa kugeukia, kwa kawaida hufika sare peke yake. Tuseme askari mweupe yuko e7 na mfalme wake d7, na farasi mweusi yuko g7 akiulinda mraba wa e8. Askari akigeuka malkia, farasi anamla na mfalme anamla farasi, sare. Mfalme akisogea d8 kutaka kuulinda mraba huo, farasi anaruka e6 na kumpa cheki. Ajabu ya askari wa katikati ni kwamba farasi ana nafasi ya kuzunguka pande zote mbili, kushoto na kulia. Kwa askari wa pembeni nusu ya mzunguko huo iko nje ya ubao, hapana pa kukanyaga.

Na hiyo ndiyo siri nzima ya farasi, uzuri wake na udhaifu wake. Akiwa katikati ya ubao anaitazama miraba 8. Akiwa ukingoni anaitazama 4, na akiwa kona ni 2 tu. Hatembei mbali. Kutoka safu ya a hadi ya h anahitaji hatua zisizopungua 4, wakati askofu aweza kuvuka ubao mzima kwa pumzi moja kama njia yake iko wazi. Kila akiruka hubadilisha rangi: akitoka mweupe anatua mweusi. Kwa hiyo hawezi kurudi pale alipokuwa kwa hatua 3 au 5, hata umsihi vipi. Mfalme anaweza kupoteza zamu kwa kuzungukazunguka, ngome pia na askofu pia, lakini farasi hana ujanja huo. Wengi wamelia kwa sababu ya jambo hili dogo.

Jambo jingine ambalo Mzee alimwonyesha binti usiku ule nililiandika kwenye daftari langu. Mfalme akisimama miraba miwili kwa mshazari kutoka kwa farasi, tuseme farasi d5 na mfalme f3, farasi anahitaji hatua 3 ili ampe cheki. Hapo ndipo mahali pa kumkwepa. Lakini mfalme akisimama miraba miwili kwa mstari ulionyooka, tuseme farasi d5 na mfalme f5, cheki iko hatua moja tu. Wewe mwenye farasi, ukijua hivyo, utajua ni saa gani una cheki ya kujipatia nafasi na saa gani unajidanganya. Jaribu mwenyewe ubaoni kabla ya kuniamini.

Wengine wataniuliza, kwa nini farasi anafaa kuzuia askari na si kete nyingine? Fikiria ngome iliyowekwa mbele ya askari. Inaangalia mbele inakuta askari amesimama, na nusu ya nguvu yake imezibwa. Farasi akisimama mbele ya askari hazibwi na kitu, kwa kuwa anaruka. Askari mwenyewe hawezi kumdhuru, kwa sababu askari huenda mbele lakini hula kwa mshazari. Aron Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga wa mwaka 1886 ambaye alichapisha kitabu chake mashuhuri cha mafunzo mwaka 1925, alilisisitiza sana jambo hili la kumfunga askari aliyepenya kwa kusimama mbele yake, na farasi alimsifu kuliko kete zote kwa kazi hiyo.

Na kwa kuwa leo tunamsifu farasi, nikumbushe kwamba yeye ni mkongwe. Neno letu sataranji limetoka kwa Waarabu walioita mchezo huo shatranji, nao waliupokea kutoka kwa Waajemi, na asili yake ni India, ambako jina lake lilimaanisha sehemu 4 za jeshi: ndovu, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Katika safari hiyo yote farasi ameruka vile vile. Aliyebadilika ni askari. Zamani, askari akifika mstari wa mwisho aligeuka mshauri wa mfalme, kete dhaifu iliyotembea mraba mmoja tu kwa mshazari. Ni mwishoni mwa karne ya 15, huko Ulaya, ndipo mshauri huyo alipogeuka malkia tunayemjua leo. Kuanzia hapo askari aliyepenya akawa kitu cha kutisha, na farasi akapata kazi aliyokuwa hajaisomea.

Turudi kwenye askari. Je, wakiwa wawili? Hapa sitakudanganya. Askari wawili walioshikana bega kwa bega, wakishafika mstari wa 6, kwa kawaida wanamshinda farasi aliye peke yake. Anamzuia mmoja, mwingine anapita. Dawa ni kuwawahi wakiwa bado nyuma, mstari wa 4 au wa 5. Usisubiri mbele kwa adabu. Washambulie, mmoja alazimike kupiga hatua na kumwacha mwenzake nyuma, halafu kalia ule mraba uliobaki wazi mbele yao. Wakishakuwa hawako sawasawa ni kama ng'ombe wawili waliofungwa nira vibaya, jembe haliendi.

Askari wawili waliotengana, mmoja huku na mwingine kule, ni adhabu kwa farasi kwa sababu ya ile miguu yake mifupi. Hapo lazima mfalme wako afanye kazi. Gawanyeni: mfalme asimame mbele ya wale walio karibu naye, farasi aende kumtafuta aliye mbali. Wachezaji wengi wachanga husahau kwamba mfalme, kete zikipungua, si mtu wa kufichwa tena. Anatoka ndani na kushika jembe.

Na neno moja zaidi juu ya hesabu. Vitabu hutuambia farasi ana thamani ya askari 3. Ni kweli mwanzoni mwa mchezo. Mwishoni, adui akiwa amebakiwa na askari mmoja tu, farasi wako ana thamani ya askari huyo huyo mmoja. Mpe bila kusikitika. Nimewaona watu wazima wakimlinda farasi kama wanalinda hati ya shamba, huku askari akipita mlangoni.

Tuliendelea hadi saa nne za usiku. Kaka yangu alipita mara mbili akitafuta tochi, ingawa nilishuku tochi alikuwa nayo mfukoni. Mara ya pili nilijaribu kumtetea binti. Nikamkumbusha Phiona Mutesi, yule msichana wa mtaa wa Katwe kule Kampala aliyefunzwa sataranji na Robert Katende, akaichezea Uganda katika Olimpiadi ya mwaka 2010 huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na maisha yake yakatengenezewa filamu mwaka 2016, ambayo Lupita Nyong'o wetu aliigiza kama mama yake. Kaka aliijua filamu ile. Alisimama kidogo.

"Huyo ni mmoja," akasema. "Umehesabu wale ambao hawakutengenezewa filamu?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina jibu zuri. Nilichoweza kumwambia ni kwamba binti yake alikuwa amekaa saa tatu akitafuta hatua moja, bila simu na bila kusinzia, na kwamba mimi katika umri wake nisingeweza. Mzee hakusema kitu. Alikuwa akipanga kete upya, na lile gunzi aliliweka a7.

Sasa Jumatatu yenyewe. Sikuwako, nilikuwa nimekwisha kurudi Nairobi, lakini binti aliniandikia hatua zote kwenye karatasi ya daftari na kaka ndiye aliyeipiga picha akanitumia. Nilizipanga mezani kwangu moja baada ya nyingine. Kusema kweli alicheza vibaya katikati. Alipoteza askari kwa haraka, kisha wengine, na kete zilipobadilishwa akajikuta na mfalme na farasi dhidi ya mfalme na askari watatu: mmoja wa safu ya a, na wawili wa safu za g na h. Alikuwa na kete nyeusi. Shangazi mtu nikashika kichwa.

Lakini angalia alichofanya. Mfalme wake alimweka mbele ya wale wawili, na farasi akamtuma upande wa pili. Farasi alimkuta askari wa safu ya a akiwa bado mstari wa 5, akamla, kisha akageuka kurudi nyumbani. Ilimchukua hatua nyingi, na katika muda huo wale wawili walisogea. Farasi alipotua f8 hali ilikuwa hivi. Nyeupe: mfalme f5, askari g6 na h5. Nyeusi: mfalme g7, farasi f8. Zamu yake.

Hakungoja. Farasi alimla askari wa g6. Adui akamla farasi kwa askari wa h5, ambaye sasa yuko g6. Binti amebaki na mfalme peke yake dhidi ya mfalme na askari, na mfalme wake yuko g7. Ana njia tatu za kurudi: f8, g8 na h8. Mbili ni kaburi. Akienda f8 au h8, mfalme mweupe anakwenda f6, mfalme mweusi anarudi g8, askari anakwenda g7, mweusi analazimika kwenda h7, mweupe anakwenda f7, na malkia anakuja. Hatua inayookoa ni kurudi moja kwa moja nyuma, g8. Mweupe akaenda f6, binti akaenda f8 kumkabili uso kwa uso. Askari g7, cheki. Mfalme g8. Na sasa mweupe, asipotaka kumpoteza askari wake, inambidi aende g6, na mfalme mweusi hatishwi lakini hana hata mraba mmoja wa kukanyaga. Huo ni mkwamo, na mkwamo ni sare.

Kwenye karatasi, chini ya hatua ya mwisho, alikuwa ameandika "Kuka" kwa herufi kubwa na kupiga mstari.

Kaka yangu alinipigia simu jioni. Aliuliza kwanza habari za kazi, kisha mvua ya Nairobi, kisha akafika penyewe. Sare maana yake ni nini hasa, ameshinda au ameshindwa? Nikamweleza kwamba hakushinda mchezo huo wala hakushindwa, na kwamba nafasi ya nne ni yake. Akanyamaza. Halafu akauliza nauli ya kwenda Bungoma mjini siku ya mashindano italipwa na shule au na mzazi. Nikamwambia sijui, amuulize mwalimu. "Nitauliza," akasema, akakata simu.

Basi, msomaji wangu, nakuachia fumbo la juma hili. Nyeupe: mfalme e5, askari b7. Nyeusi: farasi b4, mfalme h1. Zamu ni ya mweupe, na askari wake yuko hatua moja kutoka kuwa malkia. Je, mweupe atashinda? Usijibu kwa haraka, na usisahau kwamba mweupe naye anaruhusiwa kuwa mwerevu: pengine hatamgeuza askari mara moja, pengine atatangulia kumsogeza mfalme d6. Jaribu njia zote mbili, na uniandikie kupitia kwa mhariri wa ukurasa huu, jina na shule yako yakiwa juu. Jibu litatoka Jumapili ijayo, na ile ngome niliyokuahidi tutaitafutia nafasi.